MASHINE IPO, KATRIJI HAKUNA!

WAKUBWA wanapenda kukata utepe. Mashine ya kupima kifua kikuu ikiletwa hospitalini, ving'ora vinalia, mashangingi yanapanga foleni, picha zinapigwa. Mlalahoi akifika baadaye na kikohozi chake anaambiwa: "Katriji zimekwisha, rudi wiki ijayo."

Yamempata rafiki yangu, konda wa daladala. Hospitali moja ya mjini imemrudisha mara tatu. Wiki tatu anakohoa mlangoni mwa basi, abiria mmebanana mnavuta hewa yake. Hapo nani amepona?

Tuelewane. Mashine hiyo, GeneXpert, bila katriji ni pambo. Katriji ni kikopo cha plastiki chenye vijumba na mifereji myembamba. Makohozi yakitiwa humo yanasafishwa, vijidudu vinapasuliwa, vinasaba vyake vinasakwa. Ndani ya saa mbili mgonjwa anajua kama ana TB, na kama dawa ya rifampicin itamfaa. Hadubini huwapita wengi. Lakini katriji moja ni kwa mgonjwa mmoja, kisha inatupwa. Anayeshika katriji ameshika roho zetu.

Nani kazishika? Cepheid ya Marekani, mali ya kampuni ya Danaher tangu 2016. Kuanzia 2012 nchi maskini ziliuziwa katriji moja dola 9.98, miaka 11 bila kushuka hata senti. Madaktari Wasio na Mipaka wakapiga hesabu, wakasema yawezekana kuiuza chini ya dola 5. Kelele zilipozidi, Septemba 2023 bei ikashuka hadi dola 7.97. Kumbe inawezekana!

Lakini tusiwalaumu Wazungu peke yao. Mwaka 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wakaenda zao, katriji wakawaachia wafadhili. Januari 2025 Trump akasimamisha misaada, ndipo wakubwa wakashtuka usingizini. Mbona dizeli ya shangingi haingoji mfadhili?

Wanatwambia kipimo cha TB ni bure. Bure ya kitu kisichokuwepo!

Vijana, wakija kuomba kura msiwaulize wameleta mashine ngapi. Waulizeni katriji ngapi zimo stoo leo, na zimenunuliwa kwa fedha ya nani. Atakayebabaika, mnyimeni!