Kabla Hujanunua Vidonge vya Urembo, Biharusi



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunasikia mengi wakati wa kupima. Siku hizi wapo mabiharusi wanaouliza vidonge vya kung'arisha ngozi na kuongeza damu kabla hawajauliza singo. Someni kilichomo. Kikiandikwa ejiao, hiyo ni gundi ya ngozi ya punda iliyochemshwa, dawa ya Wachina ya tangu zamani.

Punda hao wametoka wapi? Wengine wametoka kwetu Tanzania. Shinyanga kulikuwa na machinjio yao kabisa. Vijijini kule, mpaka Geita, punda ndiye anayembebea mama maji na kuni. Akiibiwa, mzigo unarudi kichwani kwa mama na binti zake. Na punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, akazaa mmoja tu, basi waliochinjwa hawarudi upesi. Hapo hatujataja safari ya kwenye lori, bila maji wala majani. Dhulma tupu.

Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Alhamdulillah, lakini magendo yanaishi kwa wanunuzi.

Nyama ya punda wa kufugwa Mtume (S.A.W.) aliikataza siku ya Khaybar, hukumu ya vidonge muwaulize masheikh. Sisi tunasema la dhulma tu. Suratun Nahl, aya ya 8, inamtaja punda kuwa kipando na pambo, naye yu hai. Liwa na mawaridi yapo Darajani, na somo wako anajua kuyasaga.