Walibora Hakuwa Akipanda Ngazi

Matatu ninayoabiri kutoka Jericho hupita Barabara ya Jogoo, ikaingia Landhies, na aghalabu ikakwama karibu na stendi ya mabasi ya Machakos. Kondakta hupiga kelele, wachuuzi wa Muthurwa husukuma mikokoteni yao mbele yetu, nami hupata nafasi ya kumkumbuka marehemu Ken Walibora. Ni katika barabara hiyo aligongwa na matatu siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 2020. Jamaa na marafiki walimtafuta kwa siku kadhaa hadi maiti yake ilipopatikana katika chumba cha maiti cha Hospitali ya Kenyatta. Mtu ambaye uso wake uliingia sebuleni mwetu kupitia televisheni, na ambaye jina lake lilikuwa kwenye vitabu ndani ya mikoba ya watoto wetu, alitoweka mjini mchana na sisi tusijue.

Siku zile za kafyu na barakoa tuliomboleza majumbani. Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, alinena maneno ambayo yangali yananikera. Alisema, "Yule kijana alipanda vizuri. Alianza na mambo ya magazeti na kusoma habari, akafika juu chuo kikuu." Sikumjibu, kwa kuwa msiba si mahali pa mabishano. Leo nataka kumjibu.

Walibora hakuwa akipanda ngazi. Itazameni safari yenyewe, ndugu wasomaji. Riwaya yake ya Siku Njema ilitoka mwaka wa 1996, zaidi ya miaka kumi kabla hajapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani. Alisoma habari za Kiswahili katika televisheni ya Nation. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, mahali ambapo wasomi wengi wa Kiafrika wangepiga kambi hadi uzeeni. Yeye akarudi. Na aliporudi alikwenda kwanza kwenye shirika la habari la Nation kusimamia ubora wa Kiswahili, yaani kuwasahihishia watangazaji na waandishi ngeli na matamshi. Baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Riara hapa Nairobi, huku makala yake yakiendelea kutoka katika Taifa Leo. Hiyo ni ngazi ya namna gani, ambayo mtu akishafika juu hushuka kwa hiari yake na kushika kalamu nyekundu ya mhariri? Kwangu mimi ile ilikuwa kazi moja iliyofanywa katika vyumba vitatu.

Wala hakuwa wa kwanza. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, baada ya kifungo chake cha 1969 hadi 1972, alifanya kazi katika uchunguzi wa Kiswahili Dar es Salaam, akatangaza BBC, akahariri jarida la Africa Events, kisha akafundisha Leipzig, Ujerumani. Hapa kwetu Eastlands tunaye Hilary Ng'weno, aliyelelewa Muthurwa, kando ya barabara hiyo hiyo ya Landhies, akasoma Harvard, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Nation, akaanzisha Weekly Review mwaka wa 1975 na baadaye kituo cha televisheni. Ng'weno, aliyefariki 2021, alikuwa gwiji. Lakini aliandika kwa Kiingereza, na mamangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa Weekly Review. Walibora alimsikia na kumwelewa.

Sasa nije kwenye dukuduku langu. Vigezo vya kumpandisha cheo mhadhiri katika vyuo vyetu hutazama zaidi makala ya majarida ya kitaaluma. Mhadhiri akiandika safu ya gazeti kila juma, ikasomwa kinyozini Makongeni na katika chumba cha walimu Dandora, kazi hiyo huhesabiwa kama kitu cha kujifurahisha. Najua hoja ya wakuu wa vyuo: makala ya gazeti hayapimwi na wataalamu wenzake. Ni kweli, na mengine ni pumba tupu. Hata majaridani pumba zimo, ila zimefungwa kwa rejeleo nyingi. Na yeyote anayedhani msomaji wa gazeti hapimi, basi aandike "mahali pazuri" kimakosa, aone barua za walimu zitakavyomwandama! Mimi nasema safu ya Kiswahili na kipindi cha redio vipewe alama zao, la sivyo msomi kijana atafanya hesabu yake na kutuacha na mitandao na kelele.

Miongoni mwetu wapo wasemao kwamba vijana wa huku hawahitaji hayo, kwamba lugha yao ni Sheng na Kiswahili sanifu ni cha mtihani tu. Hao nawaambia wakumbuke miaka ya 2013 hadi 2017, Kidagaa Kimemwozea ilipokuwa ikitahiniwa kidato cha nne. Binti wa jirani alikuwa akiisoma kwa sauti nje ya mlango wao, kwa kuwa ndani umeme ulikuwa umekatika, na wenzake wakamzunguka. Walibishana kwa Sheng yenyewe, tena kwa ukali, juu ya Mwalimu Majisifu, msomi aliyeiba mswada wa Amani na kujipatia sifa. Kijana mmoja, utingo wa matatu ambaye shule ilimshinda kwa karo, aliuliza kwa nini Amani, mchunga ng'ombe tu, hakuaminika kuwa ndiye mwandishi. Binti akamjibu, "Kwa sababu alikuwa mtu kama wewe." Sijasikia mhadhara wowote uliokichambua kitabu kile kwa ufupi zaidi.

Binti huyo sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kayole. Mwezi uliopita aliniletea madaftari mawili aliyoyajaza kwa mkono, hadithi ya familia inayohamishwa kutoka nyumba za zamani za mtaa. Aliniuliza ampelekee nani aisome, mtu anayejua chuo na pia anajua gazeti, na asiyeiba. Nilitaja jina moja, nikakumbuka, nikanyamaza. Nimeyasoma daftari la kwanza lote na nusu ya la pili. Ngeli zinamtatiza hapa na pale, lakini mazungumzo ya wapangaji ni matamu kweli kweli. Madaftari yangali juu ya meza yangu.