Kungumanga: Kipimo Chake Jikoni na Hukumu Yake

Akina mama kadhaa wametuuliza swali moja kwa namna mbalimbali: kungumanga, ambayo bibi zetu waliitia katika biriani na halua bila ya wasiwasi, ni halali au ihesabiwe katika vileo? Swali hili lina uzito, kwani linahusu chungu cha familia nzima, na jibu lake limefungamana na kipimo. Kwa hiyo tutaanzia sokoni na jikoni, kisha tuende kwa wanavyuoni.

Kungumanga ni kokwa ya tunda la mkungumanga, mti ambao asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia, na ambao kwa miaka mingi umestawi katika mashamba ya Unguja. Tunda likiiva hupasuka lenyewe, na ndani huonekana utando mwekundu mfano wa wavu. Huo ndio basibasi. Chini yake pana gamba gumu, na ndani ya gamba ndimo ilimo kungumanga. Hukaushwa kwa wiki kadhaa, mpaka ukiitikisa uisikie inagonga ndani ya gamba lake.

Tunawanasihi wasomaji wetu wanunue kungumanga nzima, wauache unga. Harufu ya kungumanga imo katika mafuta yake, na mafuta hayo huanza kuruka mara tu inaposagwa. Unga uliokaa dukani miezi mingi umebaki rangi tu. Tena unga huficha mengi: aliyesaga kokwa zilizoliwa na wadudu, au aliyechanganya na kitu kingine, humjui. Nzima haifichi. Ichukue mkononi uone kama ina uzito. Ile nyepesi mno huenda imekwisha kuliwa ndani. Itazame isiwe na matundu wala ukungu, kwani kilichoota ukungu hakifai kuliwa hata kikioshwa na kuanikwa upya. Ukiichoma kwa sindano, ile nzuri hutoa unyevu wa mafuta. Nyeupe-nyeupe ya unga mkavu juu yake si lazima iwe ukungu. Wafanyabiashara wa zamani walizipaka chokaa kuzikinga na wadudu, na desturi hiyo haijafa kabisa. Nyumbani iwekwe katika chupa kavu yenye kifuniko, mbali na joto la jiko. Kungumanga nne au tano huitosha nyumba muda mrefu, na hapana haja ya kununua nusu kilo kwa sababu tu muuzaji amepunguza bei.

Isikwaruzwe ila wakati wa kupika, tena kiasi kinachohitajika tu, kwa kikwaruzio chenye matundu madogo. Kwa birika la chai ya maziwa, mikwaruzo miwili inatosha. Kwa keki ya vikombe viwili vya unga, robo ya kijiko cha chai. Kwa biriani ya kilo moja ya mchele, robo ya kungumanga moja, ikwaruzwe katika masala pamoja na iliki na mdalasini. Katika halua hutiwa mwishoni pamoja na iliki, ili harufu isipotee katika moto wa saa nyingi. Wapo wanaoitia hata katika pilau. Sisi tunaona bizari nyembamba na karafuu zinajitosha humo, na kungumanga huzigombanisha. Ikizidi popote huleta uchungu, na hiyo nayo ni rehema, kwani ulimi huonya kabla ya tumbo.

Sasa hukumu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, walilizungumza jambo hili karne nyingi zilizopita. Ibn Hajar al-Haytami, aliyeishi Makka katika karne ya 10 Hijria, aliihesabu kungumanga katika vinavyolevya na akaikataza. Hoja yake inarejea katika Hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.), yenye maana kwamba kinacholevya kwa wingi, uchache wake nao ni haramu. Shihabuddin ar-Ramli, naye ni Shafi wa karne hiyo hiyo, alitofautisha: kidogo kisichoathiri akili kinajuzu, kingi ni haramu. Katika zama zetu, kikao cha wanavyuoni na madaktari kilichofanyika Kuwait mwaka 1995 kilifikia kauli iliyo karibu na ya ar-Ramli, kwamba hapana ubaya kuitumia kwa uchache kutengeneza ladha ya chakula. Kauli hii ndiyo tunayoielemea. Lakini mwenye kuiacha kabisa kwa kuchukua tahadhari asibezwe, wala mgeni wa namna hiyo asifichwe kilichomo katika sahani yake.

Ukali wa Ibn Hajar haukuwa bure. Ndani ya kungumanga mna kemikali iitwayo miristisini, na wako watu duniani wanaoila kwa vijiko kutafuta ulevi. Kiasi cha gramu 5, ambazo ni takriban kokwa moja, chaweza kumtia mtu mzima kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kinywa kukauka na kuona visivyokuwepo. Athari huchelewa kwa saa kadhaa, hivyo asiyejua huongeza akidhani haijafanya kazi. Mjamzito na ajiepushe na chochote kinachozidi kiungo cha kawaida cha chakula.

Kuna jambo linalotutia hofu zaidi: katika baadhi ya nyumba mtoto mchanga hulambishwa kungumanga ili alale. Mama mkwe akishauri hivyo, mkwe aombe radhi kwa adabu na asifanye. Usingizi ule ni athari ya dawa katika mwili wa kilo nne au tano, na hapana kipimo chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto asiyelala apelekwe kliniki.

Na kwa wanaojiandaa kwa Umra au Hija, wakifunga viungo vya kupikia safarini: Saudia huzuia kuingizwa kungumanga, nzima na ya unga. Itoeni katika mizigo kabla ya kufika uwanja wa ndege.