Gunia Linataka Maji
Nje ya nyumba moja ya mabati mtaani Kibera, Nairobi, wiki hii, sukuma wiki imestawi ubavuni mwa gunia: udongo na samadi pembeni, nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike hadi chini. Kilimo hiki cha magunia kilishika kasi mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, shirika la Solidarités la Ufaransa lilipowagawia wakazi miche. Miche, kwa kweli, hupatikana. Kazi iko kwenye maji: hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na gunia halinyweshwi ahadi. Kikundi cha wakulima kinachodumu ni chenye zamu ya kumwagilia na mfuko wa maji. Mfadhili anayegawa mbegu bila kuuliza bei ya mtungi anawaachia akina mama udongo mkavu. Maji yaliyooshewa mchele, yasiyo na sabuni, nayo yasimwagwe mtaroni bali guniani.