Kwa Mabibi: Uji wa Wimbi



Wengi siku hizi huwapa watoto nafaka za pakiti asubuhi, wakidhani cha duka ndicho bora. Someni maandishi ya pakiti: mara nyingi sukari imeandikwa karibu na mwanzo. Nafaka ya wimbi ina madini ya kujenga mifupa, nayo yashinda ya mahindi zaidi ya mara kumi.

Pepeta wimbi, ondoa mchanga na punje zenye ukungu, maana ukungu waweza kuwa na sumu. Osha, loweka usiku kucha, kisha anika juani juu ya mkeka safi mpaka ikauke kabisa, ndipo usage.

Kikombe kimoja cha unga chataka vikombe vitano vya maji. Vuruga unga kwa kikombe kimoja cha maji baridi, umimine katika vinne vichemkavyo, ukikoroga daima kwa dakika 15. Ukiisha epua, tia maziwa au karanga zilizosagwa laini.

Basi, mama mwenye debe la wimbi nyumbani asione haya mbele ya jirani mwenye pakiti. Mwanawe hakupungukiwa na kitu.