Mtoto Asitwikwe Mzigo wa Barabara

Mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walipoteza maisha katika ajali za barabarani duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa akienda kwa miguu. Aghalabu mtoto anapogongwa, wakubwa hunena: "Hakuangalia."

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 na Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, unatulazimisha kuifikiri upya kauli hiyo. Watoto waliwekwa katika chumba chenye skrini kubwa ambamo, kwa ufundi wa uhalisia pepe, magari ya picha yalipita mfululizo kwa mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa. Kila mmoja alitakiwa kuchagua nafasi baina ya gari na gari, kisha avuke kwa miguu yake mwenyewe.

Watoto wa miaka 6 "waligongwa" katika asilimia 8 ya majaribio. Wale wa miaka 12, asilimia 2. Wenye miaka 14 walivuka salama kama watu wazima. Sababu si utundu. Jicho la mtoto mdogo halijakomaa kupima nafasi iliyopo, na mguu wake huchelewa kuondoka baada ya gari la kwanza kupita.

Pengine asilimia 2 itaonekana ndogo. Lakini mwanafunzi avukaye barabara ya namna hiyo mara mbili kila siku ya shule huvuka mara 50 katika majuma matano. Kwa hesabu hiyo, angegongwa mara moja.

Kipimo hiki ni chema, kwani hufichua upungufu pasipo kumwaga damu. Hata hivyo, kisifanywe cheti cha kumwachia mtoto barabara. Chumbani hakuna dereva mlevi wala gari lisilo na breki.

Jijini Dar es Salaam njia bora imekwisha kujaribiwa. Mradi wa shirika la Amend wa kujenga njia za miguu, vivuko na matuta karibu na shule ulitunukiwa tuzo ya kimataifa mwaka 2019.

Kumfundisha mtoto kutazama kulia na kushoto ni wajibu wetu. Lakini miaka 14 haiharakishwi kwa mafunzo. Mwendo wa magari hupunguzwa kwa amri na kwa matuta. Wenye mamlaka hawana budi kuanzia hapo.