Toleo jipya liitwe toleo jipya
Wanaosema kitabu cha kidijitali ukishakilipia ni chako wameusahau mwaka 2009. Julai ile Amazon ilifuta riwaya 1984 na Animal Farm za George Orwell kwenye vifaa vya kusomea vya Kindle vya watu waliokwisha kulipa, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza. Pesa zilirudishwa, mkuu wake wa wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi. Lakini mwanafunzi mmoja wa Michigan, aliyekuwa akisoma 1984 kama kazi ya likizo, alibaki na madokezo yanayoelea, maandishi yaliyoyazaa hayapo tena. Alikwenda mahakamani, na kampuni ikakubali kulipa dola 150,000 kumaliza shauri.

Na nyie mnaoshangilia vitabu vya kidijitali kusahihishwa baada ya kuuzwa, je, mwaka 2023? Wachapishaji Puffin walibadili maneno katika vitabu vya watoto vya Roald Dahl, hata Augustus Gloop akaacha kuitwa mnene. Uingereza, baadhi ya waliokuwa na nakala za kidijitali walikuta maandishi yamebadilika bila wao kupigiwa hodi. Mwenye kitabu cha karatasi hakuguswa. Herufi iliyoruka irekebishwe, nani atakataa? Ila watu walipoyapigia kelele mabadiliko ya Dahl, Penguin yenyewe, kampuni mama ya Puffin, iliamua kuendelea kuchapa na maandishi ya zamani. Basi na mwenye nakala ya kidijitali aachiwe achague.